Barua ya wazi kwa viongozi wa afya: muulizeni mama habari za wajomba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Kwa wakuu wa Mpango wa Taifa wa Chanjo na wa Bohari ya Dawa,
Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: WATOTO WANAOZALIWA NA KASORO ZA KURITHI ZA MFUMO WA KINGA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, mkazi wa Pasua, Manispaa ya Moshi, na ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 7 ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili, yaani zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. Ninawaandikia kwa wazi, badala ya kupeleka barua kwenye meza ya ofisi moja, kwa sababu jambo lenyewe linapita katika ofisi zenu zote, na pia kwa sababu ninaamini wapo akina mama wengine wenye watoto kama wangu ambao hadi leo hawajui kwamba ugonjwa wa watoto wao una jina.

Nitaanza na ombi, ili asiyepata nafasi ya kusoma hadi mwisho aondoke nalo. Ninaomba katika kadi ya kliniki ya mtoto, na katika maswali anayoulizwa mama mjamzito anapoanza kliniki, liongezwe swali hili: je, upande wa mama yuko mjomba wa mtoto, au mtoto wa kiume wa mama mdogo au mama mkubwa, aliyefariki akiwa mdogo kwa maradhi ya kujirudiarudia? Halihitaji mashine wala kitendanishi. Linahitaji mstari mmoja kwenye karatasi na muuguzi aliyeelezwa afanye nini jibu likiwa ndiyo.

Ninalisema hili kwa sababu wajomba wa mwanangu walikuwepo. Mama yangu alizaa watoto watano, wasichana watatu na wavulana wawili, na wavulana wote wawili wamelala kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, cha Kibosho, chini ya migomba. Wa kwanza alifariki akiwa na miaka mitatu. Wa pili alikaribia kuanza shule, na huyo ninamkumbuka vizuri, hasa masikio yake: usaha uliokuwa ukishuka na kukauka shingoni, na mama akiusafisha asubuhi kwa pamba aliyoizungushia kwenye njiti ya kiberiti, taratibu, huku akimwimbia ili asilie. Alikohoa tangu nilipoanza kupata fahamu. Alipofariki, wazee walikaa, mbuzi akachinjwa, na ikasemwa kwamba mama yangu aliingia katika ukoo ule na mkosi. Aliubeba mkosi huo kwa zaidi ya miaka 30. Aliuweka chini siku nilipomsomea majibu ya vipimo vya mjukuu wake, naye akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mwanangu alizaliwa akiwa na kilo tatu na nusu, akanyonya vizuri, na hadi mwezi wa saba hakuwa na shida yoyote. Mwezi wa nane sikio la kushoto lilianza kutoa usaha. Kabla hajatimiza mwaka akalazwa kwa nimonia. Nilikuwa na daftari la shule nililokuwa nikiandika tarehe, ugonjwa na dawa aliyopewa, na alipotimiza miaka mitatu daftari hilo lilikuwa na nimonia nne, masikio mara tisa, na kulazwa mara sita katika vituo vitatu tofauti. Ninapenda ieleweke kwamba kila alipolazwa alitibiwa, akapona, tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Hakuna aliyetufukuza wala kutupuuza. Lakini kila kituo kilikuwa na faili lake, na kila faili lilisimulia nimonia moja iliyopona. Mahali pekee ambapo magonjwa yote yalionekana kwa pamoja palikuwa ndani ya daftari langu, na katika miaka mitatu hiyo hakuna aliyeniomba nilifungue.

Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimpeleke mtoto akakatwe kimeo ili kikohozi kiishe. Sikukubali. Miezi michache baadaye tulikutana na daktari kijana aliyekuwa zamu usiku, ambaye alimkalisha mtoto mapajani mwangu, akamulika koo kwa tochi, akanyamaza, akamulika tena. Akauliza kama mtoto alikatwa kimeo. Nikasema hapana. Akauliza kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kutoa mafindofindo. Nikasema hapana, hajawahi kufanyiwa upasuaji wowote. Akasema, "Basi mama, mbona hana?" Kisha akaweka tochi mezani na kuniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha barua hii: "Mama, una kaka?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa nao wawili.

Waheshimiwa, ugonjwa wa mwanangu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akimtibu mvulana wa miaka 8 aliyeshambuliwa na bakteria mara kwa mara. Alipopima protini za damu ya mvulana huyo aliona kwamba ile sehemu inayoitwa gama globulini, ambayo ndiyo yenye kingamwili, haikuwepo. Akaanza kumchoma sindano za gama globulini iliyotokana na damu ya watu wengine, na mvulana akapata nafuu. Jeni yenyewe ilijulikana mwaka 1993 na ikaitwa BTK, herufi ya kwanza ikiwa ni ya jina la Bruton. Jeni hiyo ina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya ambacho chembe changa za B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, hukihitaji ili zikomae ndani ya uloto wa mifupa; kikikosekana, chembe hizo hukwama njiani, na pasipo chembe B zilizokomaa hakuna kingamwili. Mafindofindo nayo, kwa sehemu kubwa, ni mkusanyiko wa chembe hizohizo, na ndiyo maana koo la mwanangu lilikuwa wazi namna ile. Ile miezi ya mwanzo ya afya njema ilikuwa yangu: alikuwa akiishi kwa kingamwili nilizompitishia kwenye kondo la nyuma, na zilipokwisha akabaki bila chochote.

Sampuli yake ilipopelekwa kupimwa jeni nje ya nchi, kwa jitihada za daktari yule, ilionekana kwamba ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika. Wanafunzi wangu nimewaeleza hivi: chukua sentensi ndefu, kisha weka nukta katikati ya neno, mahali isipostahili, msomaji husimama hapo, na maneno yote yaliyobaki hayasomwi. Hivyo ndivyo chembe za mwanangu zinavyousoma ukurasa wa BTK. Protini huanza kutengenezwa, inakutana na nukta, inaachwa haijakamilika.

Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo iliyo nzima humkinga. Mwanamume ana moja, na ikiwa na kasoro hana nyingine ya kuegemea. Kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na kila binti ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mbebaji kama mama yake. Mambo haya ninayafundisha Kidato cha Nne, kwa mfano wa hemofilia, na mchoro wake nimeuchora ubaoni mwaka baada ya mwaka: duara, mraba, mraba uliotiwa weusi. Sikuwahi kuufananisha na nyumba ya mama yangu. Nadhani sababu ni kwamba sisi tunauhesabu ukoo kwa upande wa baba. Majina ya mababu wa mume wangu ninaweza kuyataja vizazi vitano, lakini kuhusu kaka za bibi mzaa mama nilikuwa sijui hata walikuwa wangapi, hadi nilipokwenda kumuuliza dada yake aliye hai, naye akahesabu kwa vidole na kuvikunja vitatu. Wachaga hatuoani ndani ya ukoo, na desturi hiyo ni kinga nzuri dhidi ya maradhi yanayohitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama vilevile. Kasoro iliyo kwenye X haisubiri ndugu waoane. Husafiri kimya kwa mabinti, huolewa pamoja nao katika koo nyingine, na kuibuka kwa watoto wao wa kiume mbali na pale ilipotoka, ambako hakuna anayeunganisha kifo cha huku na kifo cha kule. Anayeweza kuviunganisha ni mama peke yake, endapo ataulizwa.

Ninajua pia hatari ya swali hili, na ningependa mlizingatie mtakapoliandika. Mwanamke aliyekwisha kulaumiwa kwa mkosi asije akalaumiwa tena kwa jeni. Kwa hiyo ninaomba maelezo yatolewe kwa baba na mama wakiwa pamoja, na yasemwe waziwazi kwamba mama hakuchagua wala hakufanya kosa, kwamba karibu nusu ya wavulana wenye ugonjwa huu hawana historia yoyote katika familia kwa kuwa badiliko la jeni ni jipya au lilipita kwa wanawake watupu bila kuonekana, na kwamba kwa magonjwa mengine ya kundi hili baba naye huwa mbebaji sawa na mama.

Magonjwa hayo ni mengi. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha zaidi ya aina 450 za kasoro za kinga za kuzaliwa nazo, nyingi zikitokana na jeni moja moja, na si zote zinafanana na ya mwanangu. Ipo ambayo chembe nyeupe humeza vijidudu lakini hushindwa kuviua, mtoto akawa na majipu ya ini na ya tezi yasiyokwisha. Ipo ile kali kuliko zote, ambayo chembe T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoziongoza nyingine, hazipo, na mara nyingi hata chembe B hazipo au hazifanyi kazi, na mtoto asipopata matibabu hufariki kabla ya kufikisha miaka miwili. Duniani wengi wanaijua kupitia David Vetter, mvulana wa Texas aliyezaliwa mwaka 1971 na kuishi ndani ya hema la plastiki lisilopitisha vijidudu hadi alipofariki mwaka 1984. Kwetu mtoto wa namna hiyo huandikiwa nimonia, au kuhara, au utapiamlo, na huzikwa kwa jina hilo.

Hapa ndipo Mpango wa Taifa wa Chanjo unapoingia, na ninaomba nisomwe kwa makini, kwa maana sitaki neno langu lolote lichukuliwe kuwa hoja ya kupinga chanjo. Mtoto asiye na kinga anaishi kwa kutegemea kwamba watoto wanaomzunguka wamechanjwa, na mimi ni wa kwanza kumfuata jirani anayechelewesha kadi. Lakini BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni bakteria hai waliodhoofishwa, na matone ya polio ni virusi hai waliodhoofishwa. Kwa mtoto asiye na chembe T, au yule ambaye chembe zake hushindwa kuua vijidudu, BCG inaweza kutoka begani na kuenea mwilini. Kwa mtoto asiye na kingamwili kama wangu, virusi vya matone ya polio vinaweza kukaa utumboni kwa muda mrefu, vikabadilika, vikampoozesha yeye mwenyewe na hata kuingia katika jamii, jambo ambalo kila nchi inayopigania kutokomeza polio ina sababu ya kulihofia. Chanjo hizi mbili hutolewa mtoto anapozaliwa, kabla ya dalili yoyote. Pasipo historia ya familia, muuguzi hana namna yoyote ya kujua.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume Arusha mwaka uliopita. Alikwisha kujua habari zetu, kwa hiyo alimwomba muuguzi asimpe mtoto matone ya polio hadi apimwe. Muuguzi yule alikuwa mpole na msikivu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasikiliza habari yote ya wajomba. Kisha akaigeuza kadi mbele na nyuma akitafuta mahali pa kuandika, akakosa, mwisho akaandika kwa kalamu pembeni, juu ya mstari wa uzito: "matone bado, mama ana sababu ya ukoo". Maneno hayo ndiyo mwongozo pekee uliokuwepo. Kwenye kliniki iliyofuata muuguzi mwingine aliyasoma, hakuyaelewa, akamlaumu mdogo wangu kwa uzembe mbele ya foleni nzima. Damu ya mtoto ilipimwa, chembe B zikaonekana zipo za kutosha, naye akapewa matone yake na chanjo zote alizopungukiwa. Leo anatambaa. Ninalieleza hili ili muone kwamba swali la wajomba halimnyimi mtoto chanjo. Linaahirisha chanjo moja au mbili kwa wachache sana, kwa majuma machache, hadi jibu lipatikane.

Kuhusu vipimo, ninaomba tusianze na vile vya gharama kubwa. Picha kamili ya damu hufanyika karibu katika kila hospitali ya wilaya, na ndani yake imo hesabu ya limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe ambazo chembe B na T ni miongoni mwake. Mtoto mchanga mwenye afya ana limfosaiti nyingi kuliko mtu mzima, hivyo hesabu iliyo chini ya 3,000 kwa mikrolita inapaswa kumshtua daktari. Lakini pale ambapo mashine inachapisha viwango vya watu wazima, hesabu ya 2,000 kwa mtoto wa miezi miwili hutoka bila alama yoyote pembeni, na karatasi inafungwa ndani ya faili. Kurekebisha viwango hivyo kulingana na umri ni kazi ya waraka mmoja kwa maabara zote. Vivyo hivyo, mtoto anayepimwa protini yote ya damu na albumini amekwisha kupimwa nusu ya ninachokitafuta: ukitoa albumini kwenye jumla, kinachobaki ni globulini, na ikiwa chini mno ni ishara kwamba kingamwili zikaguliwe. Kipimo chenyewe cha imunoglobulini, yaani cha kingamwili, ninaomba kiwepo walau katika hospitali za rufaa za kanda, ikiwemo ya kwetu Kaskazini, na kiwe haki ya kila mtoto aliyeugua nimonia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, au ambaye utando mweupe wa mdomoni haumtoki, au ambaye hanenepi bila sababu, huku vipimo vya VVU vikionesha hana. Na hapo pia kuna tahadhari: mtoto asiyetengeneza kingamwili hawezi kuaminiwa kwa kipimo cha VVU kinachotafuta kingamwili. Anahitaji kile kinachotafuta kirusi chenyewe.

Mwanangu alipimwa VVU mara tatu, nami mara tatu, na silalamikii hilo, kwani lilikuwa sahihi. Linaloniuma ni jina. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na ugonjwa wa mwanangu kwa Kiswahili cha kawaida nao ni upungufu wa kinga mwilini. Daktari alipoutamka wodini kwa sauti ya kawaida, kama anavyotamka daktari yeyote, mama wa kitanda cha pili alinyoosha mkono na kukiondoa kikombe chake kwenye kabati tuliyokuwa tukiitumia pamoja. Hakusema neno. Tulikuwa tumekula naye siku nne. Ninajua kwamba hata kama ungekuwa UKIMWI kikombe kisingekuwa na kosa, na waishio na VVU wamevumilia vikombe vingi namna hiyo. Lakini ninajua pia familia mbili ambazo zilikataa kuendelea na uchunguzi kwa kuogopa neno hilo. Ninaomba Wizara ikae na Baraza la Kiswahili la Taifa, magonjwa haya yapewe jina la Kiswahili ambalo mama anaweza kulitaja kwenye daladala bila kujieleza. Mimi nimekuwa nikisema "kasoro ya kinga ya kuzaliwa nayo". Wataalamu wa lugha watapata bora zaidi.

Kwa ile aina kali isiyo na chembe T, muda ndio kila kitu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, watoto waliopandikizwa uloto kabla ya kufikisha miezi mitatu na nusu, 94 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Ili kuwapata mapema hivyo, jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 2008 kupima watoto wote wachanga kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, likitafuta vipande vidogo vya DNA viitwavyo TREC ambavyo chembe T mpya huwa navyo. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yanafanya hivyo. Walipohesabu watoto zaidi ya milioni 3, walimkuta mmoja katika kila 58,000. Tukikisia kwa kiwango hichohicho, nchi yetu, yenye vizazi takriban milioni 2 kwa mwaka, ingekuwa na watoto zaidi ya 30 wa namna hiyo kila mwaka. Sisemi tuanze kesho kupima nchi nzima. Ninasema kwamba njia imekwisha kulimwa: mtoto wa mama mwenye VVU hutobolewa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye kadi na kusafirishwa hadi maabara, na wauguzi wetu wa vijijini wanaifanya kazi hiyo kwa ustadi. Na upandikizaji wa uloto, ambao zamani ulikuwa habari ya nje, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekwisha kuufanya kwa watoto wenye selimundu. Mtoto asiye na kinga anaweza kupanga foleni hiyohiyo, endapo tutamtambua akiwa hai.

Sasa dawa. Mwanangu ana kilo 20, na kwa kipimo cha nusu gramu kwa kila kilo anahitaji takriban gramu 10 za imunoglobulini kila baada ya wiki nne, maisha yake yote. Dawa hii haitengenezwi kwa kemikali. Hutokana na plazima ya damu iliyochangwa na maelfu ya watu, na ndani yake zimo kingamwili walizozipata watu hao kwa magonjwa na chanjo zao. Huwa ninamwambia mwanangu kwamba anatembea na kinga ya watu elfu asiowajua. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chupa mbili zinazidi mshahara wangu wa mwezi, na kwa muda mrefu tulizipata Dar es Salaam tu, kwa hiyo mume wangu alikuwa akipanda basi la usiku na boksi la barafu mapajani. Dawa inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Safari moja chupa iligusana na barafu ikaganda, na imunoglobulini ikishaganda haifai tena. Tulifungua boksi mezani asubuhi, mtoto akiwa tayari amevaa shati la mikono mifupi analovaa siku za dripu, tukaikuta nyeupe kama maziwa. Mwezi ule alipata nusu ya dozi, na wiki ya nne alilazwa.

Mikoa yetu ina majokofu ya chanjo yanayotunza nyuzi hizohizo 2 hadi 8 usiku na mchana hadi kwenye zahanati za mlimani. Ninaomba Bohari ya Dawa iruhusiwe na iwezeshwe kuagiza kiasi kidogo cha imunoglobulini kwa majina ya wagonjwa wanaojulikana, kipite kwenye mnyororo baridi uliopo, na kimfikie mgonjwa katika hospitali ya mkoa wake. Ninaomba pia kwamba kanuni za kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ziitaje dawa hii kwa jina lake kwa watoto wenye ugonjwa huu, kwa sababu mtoto anayekosa dripu huishia wodini kwa antibayotiki za bei, na mapafu yaliyoharibiwa na nimonia za kujirudia hayarudi kama yalivyokuwa. Wakati tunasubiri, watoto wengi wa kundi hili wangeweza kulindwa kwa kiasi fulani kwa dawa rahisi za kuzuia maambukizi, septrini ikiwa mojawapo, ambayo hakuna zahanati isiyoijua.

Na tuwe na daftari la taifa. Tunisia ilikusanya wagonjwa 710 katika miaka 25, kuanzia 1988 hadi 2012. Ni kweli kwamba kwao ndoa za binamu zimekuwa nyingi na zimeongeza idadi, lakini nchi hiyo haifiki hata robo ya watu milioni 61.7 waliohesabiwa kwetu katika sensa ya mwaka 2022. Wa kwetu wapo. Wameandikwa kwa majina mengine.

Mwanangu yuko darasa la pili. Huchelewa shule siku moja kila wiki nne, na siku hiyo hukaa saa nne au tano akiangalia matone yakishuka, akiyahesabu hadi anapotewa na hesabu na kuanza upya. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu uliopita hajalazwa zaidi ya ile mara moja ya chupa iliyoganda.

Daftari langu, pamoja na mchoro wa ukoo wa mama yangu hadi kwa kaka watatu wa bibi, viko tayari kunakiliwa. Mtakapoketi kuandika swali hilo la kadi, mkihitaji kuona namna mama wa kawaida anavyoweza kulijibu, nitavileta mwenyewe ofisini, Moshi, Arusha au Dodoma, siku yoyote isipokuwa ya dripu.

Wenu mtiifu,
Mama wa mgonjwa,
Pasua, Moshi.